Kinyesi cha kobe na maranda ya bandani, naweza kuweka bustanini?

Binti_Kigamboni:
Habari za humu wakuu. Naombeni msaada wa mwenye kujua, maana mtaani kila ninayemuuliza ana lake. Hapa kwa shangazi Kigamboni tunafuga kobe wa nchi kavu wanne, wale wa gamba la njano lenye madoa meusi, vibali vipo kwa hiyo hilo lisiwape shida. Wanakula sana aisee, asubuhi jua likishachangamka wanashinda kwenye nyasi na matembele, saa sita wanajificha kivulini, jioni wanaanza upya, na kinachotoka nyuma ni kingi kweli. Usiku wanalala kibandani, chini tumeweka maranda tunayochukua kwa fundi seremala na juu yake nyasi kavu, ikichafuka tunazoa tunatupa nyuma ya choo, sasa lundo limekuwa kubwa.

Upande mwingine udongo wetu ni mchanga mtupu, ukimwagilia asubuhi, mchana unakuta pakavu kama hapajaguswa. Nina tuta la mchicha, nyanya chache, migomba na mipapai. Nikawa najiuliza kwa nini ninunue samadi ya kiroba na hii ipo hapa hapa. Ila jirani kasema kinyesi cha kobe ni sumu kinaunguza mimea, mwingine kasema maranda yanaua udongo. Halafu kuna maji ya beseni, maana tunawaloweka kobe kwenye maji ya vuguvugu na humo humo wanakojoa na kunya, nayo yanafaa kumwagilia? Asanteni.

Mzee_wa_Mboji:
Dada hiyo ni mali, acha kuitupa nyuma ya choo.

Tuanze na hili la kuunguza. Kinachounguza mimea ni samadi kali, kama ya kuku ikiwa mbichi, kwa sababu naitrojeni yake ni nyingi na inaachia kwa haraka. Kobe wako anakula nyasi na majani, tumbo lake linayachachua taratibu siku nyingi na bado sehemu kubwa inatoka ikiwa nyuzi nyuzi. Chukua kipande kilichokauka ukivunje, utaona vipande vya nyasi kabisa, harufu yenyewe haifiki popote. Ile nyeupe nzito anayotoa pamoja na mkojo ndiyo yenye naitrojeni zaidi, ni asidi ya yuriki, ile ile unayoiona nyeupe juu ya kinyesi cha kuku, ila inachukua muda vijidudu vya udongo kuivunja. Kwa hiyo jirani hapo hayuko sahihi. Samadi ya kobe si ya kukimbiza mmea kwa wiki moja, ni ya kujenga udongo, na mchanga wa Kigamboni unachokosa ndicho hicho, kitu cha kushika maji na chakula visizame chini vikapotea.

Aliyesema maranda yanaua udongo ana hoja ila kaikuza. Maranda ni kaboni karibu tupu, kaboni sehemu 400 na zaidi kwa naitrojeni moja, wakati lundo la mboji linalooza vizuri linataka kama 25 hadi 30 kwa moja. Ukiyafukia mabichi kwenye tuta, vijidudu vinavyoyaozesha vinakwenda kukopa naitrojeni kwenye udongo na mchicha wako unageuka njano unadumaa. Udongo haujafa hapo, mmea unanyang'anywa tu chakula kwa miezi kadhaa. Maranda yale yale ukiyatandaza juu juu chini ya mgomba bila kuchanganya na udongo hayana neno, yanakuwa matandazo, yanazuia jua kukausha.

Kwa hiyo pika mboji. Tafuta kivuli, chini ya mwembe panafaa, weka matawi makavu chini hewa ipite, halafu tabaka la maranda na nyasi za bandani pamoja na kinyesi chake, juu yake majani mabichi ya kutosha, kama una mlusina au gilirisidia au alizeti pori hapo umemaliza, kisha nyunyiza samadi ya kuku au ya ng'ombe kidogo maana ya kobe peke yake haina nguvu ya kupasha moto maranda yote hayo, mwagia maji, rudia mpaka lundo lifike mita moja kwenda juu na mita moja upana. Likiwa dogo zaidi ya hapo halishiki joto. Unyevu uwe ule wa kwamba ukikamua kwa kiganja linatoka tone moja mawili, si kuchuruzika. Funika kwa majani ya mgomba au turubai mvua isilioshe. Chomeka kijiti kirefu mpaka katikati, baada ya siku tatu nne kichomoe ukishike, kikiwa cha moto lundo linafanya kazi, kikiwa cha baridi na kikavu ongeza maji na majani mabichi, kikinuka uvundo maji yamezidi, ligeuze. Geuza kila joto likishuka. Nyasi zitaisha haraka, maranda yatachelewa, ukiona bado vipande vya mbao vinaonekana ujue hayajaiva.

Halafu muulize fundi wako hayo maranda ni ya mbao gani. Mbao za kupaulia zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, dawa yake ina shaba, kromiamu na aseniki. Hizo hazifai kwa kobe wala kwa mboji. Na vumbi la MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, na la plaiwudi nalo liache huko huko, lina gundi.

Nesi_Mwana:
Naunga mkono ya Mzee wa Mboji ila kuna kitu hakijatajwa na mimi ndicho kinachonipa wasiwasi. Kobe, kasa, mijusi, wote hawa wanabeba bakteria wa salmonela tumboni bila kuumwa hata kidogo. Kobe anaonekana mzima, anakula, anatembea, na kinyesi chake kina salmonela siku hii, siku nyingine hakina, kwa hiyo hata ukipima mara moja ukakosa hujamaliza. Marekani walipiga marufuku tangu 1975 kuuza kasa na kobe wadogo wenye gamba la chini ya inchi 4 kwa sababu watoto walikuwa wanawaweka mdomoni wanaugua.

Sasa mchicha ni mboga inayogusa udongo, na kuna kachumbari, kuna nyanya mtu anachuma anaifuta kwenye nguo anakula. Kinyesi kibichi kisikaribie hapo. Salmonela inaweza kukaa kwenye udongo miezi. Wakulima wa kilimo hai Marekani sheria yao inasema samadi mbichi ifukiwe siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa zao lisilogusa, na lundo la kugeuzwa linatakiwa likae nyuzi 55 za selsiasi au zaidi kwa siku 15, ndani ya siku hizo ligeuzwe mara 5, ili na pembeni pakapate joto. Huo ndio mpango wa kufuata hata hapa kwetu, bakteria ni wale wale.

Na naomba msome hili vizuri. Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee, au mtu mwenye sikoseli, hao wasihusike kabisa na kusafisha banda wala kugeuza lundo. Mwenye sikoseli salmonela ikimwingia haiishii kuharisha, inaweza kwenda kwenye damu na kukaa kwenye mifupa, na hapo matibabu ni marefu na mateso ni makubwa. Nimeuguza watoto wa namna hiyo wodini, ndiyo maana nasisitiza. Beseni la kobe lisioshwe kwenye sinki la jikoni. Koleo na ndoo za banda ziwe za banda tu. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama ulivaa glavu.

Binti_Kigamboni:
Asanteni sana, na dada Mwana umenigusa mahali kwa sababu mdogo wangu ana sikoseli na yeye ndiye anayewapenda hao kobe kuliko sisi wote, ndiye anayewapa majina. Tangu leo kusafisha banda ni mimi. Ila sitaki kumkataza kuwaona, je akiwalisha tu ana shida?

Na kwenye joto, hicho kijiti kinatosha kujua nyuzi 55? Fundi nimeshampigia, kasema maranda mengi ni ya mkangazi na msonobari ila wanachanganya na MDF siku nyingine. Hapo nimeishiwa nguvu.

Nesi_Mwana:
Anaweza kuwaangalia na kuwarushia majani asiwashike, na akiwagusa anawe hapo hapo, wewe umsimamie maana mtoto anasahau. Asiwabusu, wasiingie ndani ya nyumba wala jikoni. Kijiti kinakwambia moto au baridi tu. Kipimajoto kirefu cha kuchomeka ndicho cha kuaminika, kuna vya kupimia nyama vinauzwa maduka ya vyombo vya jikoni, nunua kimoja kiwe cha lundo tu. Na kwa nyumba yenye mgonjwa wa sikoseli mimi ningesema hata mboji iliyoiva ipeleke kwenye migomba na mipapai, mchicha uupe samadi nyingine iliyooza vizuri.

Kaka_wa_Kisauni:
Salaam aleikum nyote, nawasalimu kutoka Mombasa. Dada achana na hayo maranda ya kuchanganya, sisi watu wa pwani tuna makumbi ya nazi. Yapondeponde au nunua usumba, yaani nyuzi za makumbi, kobe analala vizuri, unyevu unakaa kiasi, na baadaye ni mzuri sana kwa mchanga kwa sababu unashika maji. Ila uliza ulikotoka, maana usumba wa kusokotea kamba makumbi yake huwa yamefukiwa kwenye tope la bahari miezi mingi, huo una chumvi. Uloweke maji baridi uyamwage, mara mbili tatu, ndipo uutumie.

Hili la vitu vigumu kuoza linanikumbusha Bamburi hapa. Lile shimo la kiwanda cha simiti ambalo leo ni Haller Park, mwaka 1971 lilipoanza kupandwa miti palikuwa mwamba mtupu wa matumbawe, hata udongo wa kujaza kikombe huupati. Mvinje ukashika, lakini majani yake yakawa yanaanguka yanalundikana hayaozi, ni makavu na machungu. Rene Haller akaleta majongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu, wakayala yale majani na kinyesi chao ndicho kilichoanza kuwa udongo. Leo ukienda kuna msitu na kobe wakubwa wanatembea chini yake. Kwa hiyo kwenye lundo lako ukiona majongoo wameingia likishapoa usiwaue, waache, ndio wanaomalizia maranda.

Jambo jingine ni mbegu. Kobe hatafuni, anakata anameza, mbegu inapita nzima na inatoka tayari imezungushiwa mbolea. Kule Morisi kuna kisiwa kidogo kinaitwa Ile aux Aigrettes, walipeleka kobe wa Aldabra mwaka 2000 makusudi wale matunda ya mti mmoja wa asili uliokosa wa kuusambazia mbegu, na miche ikaanza kuota mbali na mama yake. Kwako mambo yatakuwa kinyume, utaotesha magugu yote aliyokula na mapera juu. Mimi nimeona mapera yakiota katikati ya kinyesi cha kobe, miche imesongamana. Joto la lundo linaua mbegu nyingi ndio maana usirukie kufukia moja kwa moja.

Daktari_Mifugo_Tanga:
Wengi wamesema vizuri, naongeza upande wa kobe wenyewe maana humu tumeshughulika na mboga tu.

Kobe karibu wote wana minyoo ya tumboni kwa kiasi. Mayai ya minyoo ya duara yana ganda gumu, yanakaa kwenye udongo muda mrefu yakingoja kumezwa. Sasa angalia mzunguko ulivyo hapo kwako, kobe wanakula matembele na nyasi za hapo hapo nyumbani, na wewe unataka kurudisha kinyesi chao kwenye udongo huo huo. Ukiweka kwenye matembele wanayokula wao unawarudishia minyoo mdomoni kila siku, na kobe anayekula udongo kidogo kidogo mzigo unaongezeka mpaka anakonda, anakosa hamu ya kula, na wewe hujui chanzo. Kwa hiyo mboji yao iende mahali wasipofika kabisa. Migomba iliyozungushiwa wigo, sawa. Nyasi zao na matembele yao, hapana, hata kama umeipika. Lundo lenyewe lizungushie, kobe anapenda joto, atakuja kulichimbua alale.

Mkiwapa dawa ya minyoo, kinyesi cha siku zinazofuata kisiingie kwenye lundo, hapo ndipo minyoo na mayai yanatoka kwa wingi, fukieni mbali na kina kirefu au mchome. Na dawa yenyewe iwe ya daktari aliyempima uzito. Naandika hili kwa herufi kubwa kwa sababu watu wa mbuzi na ng'ombe wana chupa yake nyumbani: AIVAMEKTINI USIMPE KOBE KABISA. Kwa mbuzi inasaidia, kwa kobe inapooza misuli na inaua. Nimeletewa kobe aliyechomwa sindano hiyo na mwenye nia njema kabisa na hakukuwa na cha kufanya.

Maranda ya MDF ondoa leo, usisubiri lundo. Vumbi lile kobe analivuta usiku kucha, na kobe hana msuli wa kukohoa kama sisi, mapafu yakichafuka anaumwa muda mrefu.

Mama_Leicester:
Nasoma kutoka Uingereza, huku tunanunua nyasi kavu za kufunga marobota kwa ajili ya kobe na sungura na nataka niwaonye kitu. Kuna dawa ya magugu ya malisho inaitwa aminopiralidi. Inapigwa kwenye nyasi, nyasi hazifi, mnyama anakula hadhuriki, inapita tumboni inatoka kwenye samadi ikiwa bado ina nguvu, hata lundo la moto haliimalizi. Mwaka 2008 watu wengi huku waliweka samadi bustanini nyanya, maharage na viazi vikaota majani yaliyojikunja yakawa membamba, mpaka mauzo ya dawa hiyo yakasimamishwa kwa muda. Kama nyasi zako unakata mwenyewe barabarani au shambani kwako huna wasiwasi, lakini kama ni za kununua uliza kama shamba limepigwa dawa ya magugu ya majani mapana.

Jaribio lake ni rahisi na halina gharama. Chukua mboji yako changanya na udongo nusu kwa nusu kwenye makopo mawili matatu, makopo mengine weka udongo mtupu, panda maharage yote siku moja. Subiri mpaka yatoe majani ya tatu. Yakiwa sawa pande zote endelea, yakijikunja yale ya mboji tu usiiweke popote penye nyanya.

Binti_Kigamboni:
Yaani nimejifunza mpaka basi, Mungu awabariki. Nimeamua hivi. Maranda yote yaliyopo nayazoa nayaweka kwenye viroba mpaka nijue ya kupeleka wapi, banda naanza na makumbi na nyasi ninazokata mwenyewe. Lundo jipya naliweka nyuma ya migomba na naliwekea wigo wa mabanzi. Shangazi kakubali kununua kipimajoto. Mchicha naupa samadi ya ng'ombe iliyooza ya yule mzee wa Kibada. Limebaki swali la maji ya beseni, hamjanijibu.

Mzee_wa_Mboji:
Maji ya beseni mwagia lundo, badala ya maji safi ya bomba. Lundo lina kiu hasa la makumbi, na kilichomo kwenye hayo maji kinapikwa pamoja na vingine. Siku lundo limelowa tosha mimina kwenye shina la mgomba, chini kabisa taratibu, yasirukie kwenye majani wala tunda. Kwenye mchicha usimimine. Na usiyaweke kwenye ndoo yakalala, mbu watazaliana na harufu itakufukuza.

Viroba vya maranda ya MDF usivichome, ule moshi si wa kuvuta. Peleka kwenye gari la taka.

Nesi_Mwana:
Na aliyebeba hilo beseni asipite jikoni. Mfungulie mlango wa nyuma.

Daktari_Mifugo_Tanga:
Binti, kinyesi kibichi cha kila kobe kiweke kwenye kikopo safi chenye mfuniko, andika jina la kobe juu, peleka kwa daktari wa mifugo aliye karibu yako akiangalie kwa darubini ndani ya siku hiyo hiyo. Fanya kabla hujaanza lundo jipya ili ujue unaanza na mzigo gani wa minyoo. Kobe mmoja akiwa na mingi, kinyesi chake kikae nje ya lundo mpaka atibiwe na kupimwa tena.

Binti_Kigamboni:
Sawa daktari. Majina ataandika mdogo wangu, vikopo vikiwa bado vitupu.